Mwaka wa Meno ya Juu

Siku ya tatu baada ya kumzika mama, nyumba yake ya Thika ilijaa wanawake waliokuja kwa hitima. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango wa uani, mahali pa mfiwa asiye na la kufanya ila kupokea mikono ya watu, na kutoka pale nilisikia kila lililosemwa na waliokuwa wakichambua mchele. Binti yangu Rehema alifika kutoka Ruiru na mwanawe Nuru, wa miezi saba, na mtoto akaanza kupita mkono kwa mkono. Alipomfikia mama mdogo Saumu, mdogo wake marehemu, yule bibi alinawa kwa maji ya birika, akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akapapasa ufizi polepole huku akitazama pembeni, namna mtu anavyotafuta sindano iliyoangukia zulia. "La chini," akatangaza. "Alhamdulillahi, limeanza la chini." Wanawake wakacheka. Mmoja alianza kupiga kigelegele, kisha akakumbuka kwamba tuko matangani, akakikata katikati. Mimi niliinuka nikatoka nje, nikasimama kando ya tangi la maji, na walioniona walidhani uchungu wa mama umenirudia. Hawakukosea sana.

Kidole kile nakijua. Mama alikuwa na chake, na kuna mwaka ambao nilikiogopa kuliko kitu chochote duniani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa kushona sare za shule na kanzu, nikiishi na mke wangu katika chumba kimoja mtaa wa Landless. Mke wangu alizaliwa Wambui akawa Mariamu tulipooana, na kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha nguo upande wa pili wa mji. Alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi jua likizama. Kwa hiyo mlezi wa mtoto nilikuwa mimi. Cherehani ilikaa mlangoni ipate mwanga, kitanda nyuma ya pazia la maua, jiko la mafuta ya taa chini ya dirisha, na katikati ya chumba, ndani ya katoni kubwa ya sabuni niliyoitandika mabaki ya vitambaa, alikaa Rehema. Alizoea mlio wa cherehani hivi kwamba alilia ikinyamaza. Wanaume wa ploti walikuwa wakipita na kunitania: "Niaje, mama Rehema?" Nami niliwajibu kwamba wangu angalau anamjua babake. Nilikuwa na mdomo mkali siku zile, na nilidhani mdomo mkali ndio ushujaa.

Alipokuwa na miezi minane hivi nilikuwa nikimlisha uji wa wimbi, kijiko kikagonga kitu kigumu. Niliacha bakuli nikamfungua mdomo nikitabasamu, kisha tabasamu likaniisha. Yalikuwa mawili, bega kwa bega, meupe pe, na yalikuwa juu. Chini ufizi ulikuwa mtupu. Kwa watu wa mama, mtoto anayetangulia kuota meno ya juu ni kigego. Zamani za zamani sitaki kuandika walichofanywa. Wakati wa mama hawakufanywa hivyo tena. Walipelekwa tu kulelewa na watu wa mbali, na jina lao halikutajwa harusini wala msibani, kwa kuwa kigego, walisema, humla mzazi wake. Mama alinisimulia habari hizo nikiwa mdogo huku akikuna nazi, kwa sauti ile ile aliyotumia kuelezea bei ya vitunguu. Na alikuwa na desturi yake. Jino la kwanza la kila mjukuu lazima alipapase yeye mwenyewe, na likiwa la chini apike wali wa nazi awagawie watoto wa jirani. Kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri alikuja Landless, akanawa, akampakata Rehema, akapapasa. "Bado," alisema. "Nazi yangu inangoja tu."

Najua msomaji wa leo atauliza: si ungemwambia mama aachane na upuuzi? Ni rahisi kusema ukiwa umeketi. Mama alikuwa amemkubali Mariamu shingo upande, na miezi minane ya mjukuu ndiyo iliyokuwa imeanza kuinyoosha ile shingo. Alikuwa ameanza kumwita "mwanangu". Alikuwa amemfundisha kupika mchuzi wa nazi, na siku moja nilimsikia uani akimsifu kwa jirani: "Huyu msichana wa Ruiru ana adabu kuliko niliowazaa." Niliona wazi mambo yatakavyokwenda. Mtoto angeitwa kigego, kosa lingewekwa kwenye damu ya mama yake, na nyumba ya mama yangu ingetufungia mlango. Mimi mwenyewe sikuamini mambo hayo, au ndivyo nilivyojiambia, lakini wiki ile nilijikuta nikihesabu mara ngapi nimekohoa. Mariamu alipoyaona meno akinyonyesha, alipiga ukelele wa furaha ingawa yalimuuma. Hakujua lolote kuhusu vigego. Nikamwambia asimwambie mama, kwamba kwetu ni desturi bibi agundue mwenyewe. Huo haukuwa uongo, na ndiyo sababu ulinitoka kirahisi.

Hesabu yangu ilikuwa moja tu: nifiche ya juu mpaka ya chini yatoke, kisha nani atajua yapi yalitangulia? Kilichonisaidia kilikuwa chupa ya kunyonyea. Mariamu aliacha maziwa ya ng'ombe kwenye chupa ya chai kila asubuhi, meupe, bila kitu. Ijumaa ya kwanza, niliposikia sauti ya mama akisalimiana na watu langoni, nilichanganya maziwa yale na chai, nikatia sukari vijiko vitatu, nikajaza chupa ya mtoto, nikamtumbukizia Rehema chuchu mdomoni. Alinyonya akafumba macho. "Amelala, mama. Usimwamshe, jana hakulala kabisa." Mama alinawa mikono bure, akaikausha kwa mtandio wake, akaketi akanywa chai aliyobakiza mjukuu wake. Ijumaa ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Lakini wateja wangu nusu walikuwa wanawake wanaomjua mama, na walikuja siku yoyote, wakainama kwenye katoni wakamchekesha mtoto. Kwa hiyo chupa ikawa ya kila siku, asubuhi mpaka jioni. Rehema alikuwa mtoto wa kucheka, na kila alipofungua kinywa kucheka nilimzibia kwa chupa. Mtoto si mjinga. Baada ya wiki chache kila alipoona mtu mlangoni alinyoosha mkono kudai chupa kabla hata hajatabasamu.

Zilipita Ijumaa nne, na ya chini hayakuonekana. Siku moja mama aliniambia, akiwa amesimama mlangoni na viatu mkononi, "Idi, mtoto wa kulala kila Ijumaa namwona kwako tu." Alisema kwa utani, lakini sikupata usingizi usiku ule, wala kesho yake sikushona. Jumatatu nilimbeba Rehema begani nikaenda naye kliniki ya meno mjini. Kwenye benchi nilikuwa mwanamume peke yangu mwenye mtoto mchanga. Jamaa mmoja mwenye shavu lililovimba kama andazi aliniuliza anayeumwa ni nani, mimi au mtoto. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Nyokabi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliponiona alisimama. "Yuko na miezi ngapi?" Nikamwambia tisa. "Haiya! Baba, wewe umefanya vizuri sana. Watu huniletea mtoto meno yakiwa yameisha. Wewe umeleta na jino ya kwanza!" Akamwita msaidizi wake aje aone baba mwenye akili. Niliona haya kumkatiza, nikamwacha amalize kunisifu. Kisha nikasema nataka ayang'oe.

"Yanamsumbua?" akauliza. Nikasema hapana. "Sasa nitoe ya nini?" Nikamwambia yameanza juu. Daktari Nyokabi aliweka kalamu mezani. "Hata cucu, nyanya yangu, alikuwa na hayo maneno," alisema. "Skiza, baba. Mimi siwezi kutoa meno mzima ya mtoto. Na usijaribu huko nje na mtu yeyote, unaskia? Chini ya hii iko ingine inangoja, utaharibu zote mbili." Nilianza kuinuka, akanizuia. Kwa vile nimefika, alisema, atamwangalia. Akavuta kiti chake mpaka magoti yake yakagusana na yangu. Sikuwa nimewahi kugusana magoti na mwanamke nisiyemjua, nikajivuta nyuma, naye akaniambia nisiogope, si posa. Rehema aliketishwa akinitazama, miguu yake huku na huku ya kiuno changu, kisha daktari akamlaza chali taratibu mpaka kichwa kikatua mapajani mwake. "Mshike mikono. Akilia ni sawa, akilia mdomo inafunguka yenyewe." Alifunga kitambaa safi kidoleni, akainua mdomo wa juu wa mwanangu, akaniita nitazame. Pale meno yalipotokea kwenye ufizi palikuwa na mstari mweupe, mkavu, tofauti na weupe wa jino. Nilidhani ni maziwa. Akapangusa. Haukutoka.

"Hiyo si maziwa. Hiyo ni jino inaanza kuoza, na haijamaliza hata miezi miwili nje." Aliniuliza kama mtoto hulala na chupa. Nikakubali. Akauliza ndani tunaweka nini, nikasema chai ya maziwa. "Na sukari?" Vijiko vitatu, nikajibu, anaipenda. "Hata mimi naipenda," alisema, bila kucheka. Kisha akanieleza polepole, huku kichwa cha Rehema bado kiko mapajani mwake na mtoto ameacha kulia, akichezea uzi wa miwani. Niache ile chupa leo, si kesho. Maziwa ya mama anyonye, maji anywe kwa kikombe. Kila jioni nimpanguse ufizi na meno kwa kitambaa kibichi, na baadaye mswaki laini na dawa kidogo tu, kama punje ya mchele. Meno ya utoto si ya kupita tu, alisema, ndiyo yanayoyashikia nafasi yale ya ukubwani. "Ukiendelea na hiyo chupa, hii yote ya mbele itaisha. Na atalia, baba. Jino ya mtoto inauma vile yako inauma." Akaniandikia nirudi baada ya miezi mitatu. Nilimshukuru, na nilimaanisha.

Sasa naandika jambo ambalo mpaka mwaka huu sikuwahi kumwambia mtu. Sikuacha. Nilifika nyumbani nikakata vitambaa kumi na viwili kutoka kwenye kitambaa cheupe cha kanzu, nikavipindia kingo zote nne, mshono mdogo mdogo, kazi safi kuliko niliyowahi kumfanyia mteja. Kila jioni Mariamu alipokuwa akipika, nilimpakata Rehema nikampangusa kinywa mbele ya mama yake, juu na chini, jinsi nilivyofundishwa. Mariamu aliacha mwiko kwenye sufuria ya maharagwe kuja kututazama. "Mimi kazini naambiwa nimeolewa na mwanamke mwenzangu," alisema akicheka, "na mimi nawaambia wapate wao kwanza." Tulikula chapati na maharagwe, mtoto katikati yetu, na chumba kilinukia vitunguu na mafuta ya cherehani. Asubuhi iliyofuata, Mariamu akishatoka, nilichota sukari. Si kwamba nilisahau maneno ya daktari. Niliyakumbuka kila kijiko. Niliweka mizani: huku meno, huku mama. Nikasema meno yatakuja mengine. Ndivyo nilivyojiambia, mtu mzima mwenye akili timamu, na mwanangu akinyoosha mkono kwa furaha.

Ijumaa zikazidi kuwa ngumu, nikaanza kutoroka. Nilimwambia mama kwamba Mariamu ameomba mtoto apelekwe kwa mama yake Gatongora, upande wa Ruiru, na kila Ijumaa asubuhi nilishuka Ruiru na Rehema. Mama mkwe wangu alishangaa kisha akazoea. Alikuwa na nyumba ya mabati, kuku, na maboga yaliyopanda mpaka kwenye paa la choo, na alinikaribisha kwa heshima iliyonichoma, akifuta kiti kwa upindo wa leso. "Karibu, muthoni. Hakuna mkwe kama wewe hapa kwetu, kweli. Wengine wanakuja tu kama kuna mazishi." Alinipikia mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga, akamponda Rehema boga kwa uma, akamwekea kikombe cha maziwa matupu. Chupa yangu aliitazama mara moja akaiweka juu ya kabati, na mtoto hakuidai. Huko meno yake hayakuwa siri ya mtu. Bibi alipoyaona alisema tu, "Ona, na yeye atatafuna nyama kabla yangu," kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amebakiza machache. Lakini Ijumaa ya tatu au ya nne aliniuliza, akimtazama mtoto aliyekuwa akimkimbiza kifaranga kwa magoti: "Kwani huyu mlimfunza nini? Anacheka na mdomo imefungwa." Nikasema ni tabia yake. Nilikula mukimo wote uliobaki ili nisiulizwe tena.

Ya chini yalitoka akiwa na miezi kumi na mitatu. Nilipoyaona nililia, sioni haya kusema. Ijumaa iliyofuata sikutoroka. Niliosha katoni, nikamvika gauni nililomshonea, nikaficha chupa nyuma ya gunia la mkaa wa pasi, na mama alipofika nilimkabidhi mtoto akiwa macho. Mariamu alikuwa na siku ya mapumziko, amesimama kando na sinia ya chai. Mama akanawa, akapapasa, uso wake ukafunguka. "La chini! Mawili!" Akamwinua mtoto juu, akamwombea dua ndefu, akasema nazi imepata siku yake. Kisha Rehema, akiwa ameinuliwa vile na kufurahishwa vile, akasahau mafunzo yangu akacheka kinywa wazi. Mama akamshusha. Akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Yale mawili yalikuwa yamefikia rangi ya chai, kingo zake zimemeguka, na ya pembeni yake yalikuwa yametoka na mistari yake tayari. "Na haya?" akauliza. "Idi, haya ya juu yamefanya nini?"

Nilikuwa na pumzi moja ya kujibu. Kama ningesema chupa, angeuliza chupa ya nini, nani alimpa, tangu lini, na mama alijua kuhesabu miezi kuliko karani yeyote. Nikasema, "Ni maziwa ya usiku. Mariamu hulala akimnyonyesha." Mke wangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nilisikia vikombe vikigongana kwenye sinia, mara moja tu, kisha akaitua chini. Hakunikanusha. Ilikuwa kweli kwamba hulala akimnyonyesha, nani asiyelala baada ya kusimama kiwandani kutwa nzima? Mama alimtazama, si kwa ukali. Alimtazama kwa huruma, na afadhali angemtukana. "Si kosa lako, mwanangu," akasema. "Maziwa mengine hayana baraka. Hata kwetu walikuwapo wanawake wa hivyo." Jioni ile tulikula wali wa nazi, watoto wa ploti walijaa mlangoni na sahani zao, na mimi nilikula nikashiba. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka thelathini, na niliipita yote.

Daktari Nyokabi aliyang'oa manne ya mbele kabla Rehema hajafika miaka mitatu. Alikuwa ameshaacha kula upande mmoja, kisha pande zote mbili, akilia akiona mkate. Tulienda wote, Mariamu akiwa na mimba ya Juma, mtoto wetu wa pili. Daktari alinikumbuka, niliona macho yake yakinitambua juu ya miwani. Akauliza kwa sauti ya kawaida, akimtazama mke wangu lakini akinipa mimi nafasi, "Ilikuwa chupa?" Mariamu akasema, "Hapana, daktari. Ni maziwa yangu." Daktari akanigeukia. Alingoja, sijui muda gani, mpaka msaidizi wake akamaliza kupanga vyombo na bado alikuwa akingoja. Nilitazama ile sinia ya vyombo. "Mama," akasema mwishowe, "maziwa ya titi peke yake haifanyi hivi." Tukiwa njiani Mariamu aliniambia yule daktari ni mtu mwema, amejaribu kumfariji. Rehema aliingia shule ya chekechea bila meno ya mbele, akajifunza kucheka akiziba mdomo kwa kiganja, na mpaka leo, na meno yake mazuri ya ukubwani, hucheka vile vile. Waliomchumbia walidhani ni haya.

Naamini ningekufa na siri hii kama mama asingetangulia. Hata alipokufa, nilichojisikia kwanza kando ya lile tangi la maji, Mungu anisamehe, kilikuwa nafuu, kwamba sasa hakuna wa kuniuliza. Sitajua kamwe mama angefanya nini. Huenda angempeleka mjukuu wake mbali. Huenda angeguna, akavunja nazi yake, akatuambia tunyamaze. Nilimficha siri mtu ambaye sikuwahi kumpa nafasi ya kuchagua, na sasa yuko chini ya udongo. Wiki mbili baada ya hitima Rehema alinipigia simu kwamba anampeleka Nuru kwa daktari wa meno, mumewe yuko kazini, je, nitaenda kumshikia mtoto? Zahanati iko Kamakis, ghorofa ya kwanza, na moshi wa nyama choma ya chini uliingia dirishani mpaka kwenye kiti cha daktari. Daktari ni kijana, alituambia mtoto huletwa mapema hivi, jino la kwanza likichomoza, kabla hajafikisha mwaka. Akavuta kiti chake, akagusanisha magoti na Rehema, wakamlaza mtoto katikati yao. Mimi nilishika vidole vya miguu ya Nuru, maana hapakuwa na kingine cha kushika.

"Jino iko poa kabisa," yule kijana alisema. "Kuna swali, mami?" Rehema akamwinua mtoto akamlaza begani. "Niko na moja. Nataka kumwachisha kunyonya wiki hii, kabla hayo mengine yatoke. Maziwa ya kwetu haifai. Mimi yangu yalitolewa yote ya mbele nikiwa mdogo, juu ya maziwa ya mama. Ni ya ukoo." Alisema hivyo kwa utulivu, namna mtu anavyotaja kundi lake la damu. Kijana alifungua mdomo kujibu, lakini mimi nilikuwa nimeshasema: "Usimwachishe." Wote wawili wakanitazama. Nikasema maziwa ya mama yake hayana kosa na hayakuwahi kuwa na kosa. Nikasema ilikuwa chupa, chai ya sukari, kutwa nzima, na niliyekuwa nikiichanganya ni mimi, na niliambiwa niache nikaendelea. Daktari alianza kupanga makaratasi ambayo hayakuhitaji kupangwa. Rehema hakuniuliza kwa nini, hapo hapo. Hilo alikuja kuniuliza siku nyingine, na nilimjibu. Aliuliza, "Mama anajua?" Nikatikisa kichwa. "Basi nenda umwambie leo," akasema. "Usilale bila kumwambia. Mimi leo siwezi kukusindikiza, baba."

Nilimkuta Mariamu sebuleni ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, akiambua minji kwenye bakuli. Nilibaki nimesimama kwa kuwa kuketi kulionekana kama kuomba. Nikamweleza yote, kuanzia kijiko kilipogonga jino, kidole cha mama, Daktari Nyokabi, vitambaa vya jioni na sukari ya asubuhi, safari za Gatongora, mpaka ile Ijumaa na sinia. Mikono yake iliendelea, ganda huku, minji kule, na nilipomaliza iliendelea bado, mpaka nikadhani hakusikia. Nikamwomba msamaha kwa jina lake la kwanza, Wambui, ambalo sikuwa nimelitumia kwa miaka mingi. Hapo ndipo mikono ilipotulia.

"Juma nilimwachisha akiwa na miezi mitatu," alisema. "Maziwa yalikuwa yananimwagika mpaka nguo inalowa, na yeye ananusa kifua changu analia, na mimi namgeuza uso aangalie ukuta. Wewe ulikuwa hapo kwa cherehani yako, unaona. Ulikuwa unafikiria namwachisha kwa nini?"

"Kazi," nikamwambia. "Nilidhani ni kwa sababu ya kazi."